Nani Atakufungulia Mlango?

Evalyne, siku ile nilipokukabidhi funguo za mabweni uliniambia kwamba funguo hazisemi, na kwamba wewe na Rispa wa jikoni mngependa niandike yale niliyokuwa nikiyafanya bila kuwaeleza. Sasa niko hapa Khunyangu, nimestaafu, kuku wangu wanajipeleka kulala wenyewe na mahindi hayataki kupigiwa kengele. Nafasi ninayo. Mnisamehe mwandiko. Niliacha shule darasa la nne, na Mwalimu Zakaria Okumu aliyenifundisha herufi kila siku alikuwa na haraka ya kwenda kulima.

Mambo ya mshahara sitayagusa, hayatafika hata mstari mmoja. Wala sitaeleza sana vile nilitolewa jikoni nikapewa mabweni. Matroni aliyekuwepo, Jenipher Anyango, aliolewa Tororo kwa ghafla, na sifa hapo ni za bwana arusi.

Nilianza kama mpishi. Nyinyi shule yetu mnaijua ikiwa na ukuta na tanki la maji. Mimi niliikuta na ua wa michongoma na mabweni mawili, na mbuzi wa jirani wakiingia darasani kama wamelipa karo. Mpishi mkuu alikuwa Perpetua Auma, mwanamke mfupi wa hapa hapa Khunyangu, mikono yake kama michi. Siku yangu ya kwanza alinipa ule mwiko mrefu kama kasia akasema neno moja tu: "Songa." Nikasonga ugali wa shule nzima, jasho likiniingia machoni, na nilipomaliza ulikuwa na mabonge. Perpetua akachota kidogo, akatafuna polepole, akaniangalia.

"Konso, hii ni ugali ama umechimba mawe Amukura?"

"Pole, mama. Moto ulikuwa mkali."

"Moto haujui kusonga. Wewe unaogopa sufuria. Isogelee. Simama kama mtu anasukuma gari."

Rispa, hiyo ndiyo siri yote. Mguu mmoja mbele, mgongo wima, unga kidogo kidogo, na usisonge kwa mikono, songa kwa mabega. Maharagwe chagua jua likiwa limetoka, chumvi weka mwisho. Wasichana waliocheka ugali wangu siku ile, mkubwa wao kwa kucheka Beatrice Ajiambo, leo ni nyanya kama mimi. Nilikutana naye sokoni mwaka jana, akaniuliza kama mawe bado yako.

Lakini kitu kikubwa Perpetua alinifundisha hakikuwa cha sufuria. Siku ya kufunga shule, wapishi wengine walikuwa wanaosha vyombo mbio mbio waende kwao. Yeye alivua aproni akasimama getini, na kila msichana aliyepita na sanduku lake la bati alimuuliza: "Nani atakufungulia mlango?"

Mimi nilidhani ni salamu ya ukoo wao. Nikamuuliza mbona haulizi "unaenda wapi" kama watu wengine.

"Ukimuuliza anaenda wapi, atakwambia nyumbani," akasema. "Wote wanaenda nyumbani. Hata yule hana nyumba anaenda nyumbani. Muulize mlango. Mlango lazima uwe na mtu."

Alianza hivyo kwa sababu ya msichana mmoja, Scolastica Nafula. Shule ilikuwa imefungwa, Perpetua akawa anatoka sokoni Bumala jioni, akamkuta Scolastica amekaa juu ya sanduku lake karibu na steji ya matatu. Nyanya aliyekuwa akimlea alikuwa amehamia kwa mwanawe upande wa Uganda, na hakuna aliyempasha mtoto habari. Alifika akakuta kufuli, akarudi stejini kwa sababu pale angalau kuna watu. Na walimu wote walikuwa wamemuuliza, naye amewajibu vizuri: nyumbani. Perpetua akafunga lile sanduku kwenye keria ya baiskeli, wakatembea naye mpaka kwake. Siku hizi Scolastica anauza nguo hapo hapo Bumala, na hajawahi kukubali nipite bila soda.

Hapa mpakani mlango una tabia yake, nyinyi mnajua. Baba ni dereva wa treila, yuko Kampala na ufunguo wa nyumba ya Malaba uko mfukoni mwake. Mama amevuka kuuza vitunguu, akirudi anakuta mwenye ploti ameweka mpangaji mwingine. Mtoto akiwa bweni, nyumba huku nje inatembea. Kwa hivyo Perpetua alipostaafu aliniachia vitu viwili, mwiko na geti. Mwiko nilimwachia Rispa. Geti ndilo naandikia.

Nilipoingia mabweni nilikuta vyombo vipya: furushi la funguo, filimbi, kipima joto, na mkebe mkubwa wa Vaselini, ambao unatibu zaidi ya madaktari wanavyodhani. Nilijifunza kwamba wasichana wawili wa shule moja ya msingi usiwalaze kitanda kimoja cha deka, watakuwa wanaongea ya kwao mpaka wengine wawachukie. Nilijifunza kwamba anayelia siku ya kwanza hana shida, muogope yule anayekunja blanketi yake vizuri na kusema yuko sawa. Na nilijifunza kukagua masanduku. Sijui ni kabalagala ngapi, zile chapati ndogo za ndizi za Uganda, nimenyang'anya maishani. Sitaki pia kuulizwa zilienda wapi.

Mwaka mmoja wa kupokea fomu wani, boda boda akaingia na sanduku kwa nyuma na katoto kamekaa juu ya sanduku. Huyo boda, Okiring, ndiye aliyeweka sahihi pale pa mzazi. Mtoto alikuwa Amoit, Mteso, binti wa dereva anaitwa Emojong wa kutoka Adungosi. Mama yake alikuwa amefariki mtoto akiwa shule ya msingi. Baba alipanga chumba Malaba kwa sababu treila zinapita pale, na mtoto alikuwa akiishi kwa chumba hicho na majirani wakimtazamatazama. Nikampa kitanda karibu na dirisha. Akakunja blanketi vizuri. Akasema yuko sawa.

Siku ya kufunga muhula ule wa kwanza nikasimama getini na swali langu. Amoit akapita.

"Nani atakufungulia mlango?"

"Baba."

"Baba yuko Malaba?"

"Atakuja."

"Ufunguo uko na nani?"

Akaangalia viatu. "Uko naye."

"Na yeye yuko wapi, mama?"

"Nimule."

Nimule ni kule Sudan Kusini, mpaka wa pili ukishamaliza huu wetu. Nikamwambia weka sanduku chini. Nikampigia Emojong. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea: "Matroni, nimekwama, karatasi za mzigo hazijatoka. Mpeleke kwa dada yangu Adungosi." Nikampigia dada, Mama Atyang. Maskini, alikuwa na wagonjwa wawili ndani ya nyumba na paa limefunguliwa linatengenezwa. Basi Amoit akakaa kwangu, kwenye kile chumba cha matroni nyuma ya bweni, likizo hiyo, na nyingine nyingi baadaye. Si yeye peke yake, lakini yeye ndiye alikuwa mwenyeji.

Alikuwa mtoto wa hesabu. Aliniangalia nikikata mkate wa shule, akaniambia, "Matroni, hiyo njia yako inaharibu kona." Akanichorea kwa mkaa sakafuni vile ingekatwa. Nikafuta sakafu na nikakata alivyosema. Alipofika fomu thrii, siku za kufunga alikuwa anasimama upande wa pili wa geti, mimi kulia yeye kushoto, na wale wa Kiteso alikuwa anawauliza kwa lugha yao. Wengi walimwambia yeye kile ambacho mimi wangenificha.

Sasa nakuja kwa kisa chenyewe, ambacho nyinyi mlikisikia vipande vipande na kila mtu ana chake. Nilikuwepo, nitakieleza kimoja.

Amoit alipita mtihani wa mwisho vizuri mno. Mwalimu Wandera wa hesabu, kijana wa Nambale mnayemjua, shati lake daima lina chaki begani, alikuwa amemtafutia wafadhili wanaopeleka watoto kusoma chuo kikuu kimoja cha Uingereza, kikongwe, kile ambacho hata sisi tusiosoma tumesikia. Wangelipa kila kitu: masomo, chakula, na ndege ya kwenda mwanzo wa mwaka na ya kurudi mwisho wa mwaka. Kilichobaki ni ombi lenyewe. Na kwenye ombi, akasema Wandera, lazima uchague koleji. Moja tu.

Hapo ndipo simu ya Emojong ilinifikia, amekasirika kabisa.

"Matroni, mbona mwalimu anasema mtoto anaenda koleji? Amepata A, halafu koleji? Koleji hata hapa Busia ziko!"

Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Ikabidi Wandera atueleze, na alieleza vizuri. Kile chuo kikuu ni kama shule yetu, akasema, na zile koleji ni kama mabweni. Masomo na cheti ni kimoja, lakini kila koleji ina geti lake, jiko lake, vyumba vyake na watu wake wa kuangalia wanafunzi. Zile koleji ni nyingi. Ukichaguliwa, hiyo ndiyo inakuwa kwenu miaka yote.

"Sasa umesema Kiswahili," nikamwambia.

Wafadhili walitaka kuona mzazi amekubali, na ombi lilikuwa linafungwa wiki hiyo. Mzazi naye alikuwa kwenye foleni ya treila Malaba, anangoja kuvuka, na dereva haachi gari kwa foleni. Ukiacha, wa nyuma wanakupita, na ukirudi unaanza nyuma kabisa. Kwa hivyo tulienda sisi kwake, Wandera na laptopu yake, Amoit, na mimi na chupa ya chai. Tukamkuta kando ya barabara amekaa kwenye kistuli chini ya mlango wa treila yake. Mbele yake gari la rafiki yake Salim, dereva wa Mombasa, mzee mwenye kofia na maneno mengi.

"Yoga, Matroni," Emojong akanisalimia kwa Kiteso. "Karibu ofisini kwangu."

Wandera akaweka laptopu juu ya kidato cha kupandia treila. Alikuwa amepunguza zile koleji zote zikabaki mbili. Majina yao nayajua, mimi majina hayanipotei, lakini sitaki watu wa huko waseme mwanamke wa Khunyangu anawasengenya. Moja nitaiita ya Mnara, ya pili ya Kilimani.

Ya Mnara ilikuwa katikati ya mji, kuta za mawe, mnara unaenda juu, nyasi kama zulia. Wakubwa wa nchi wametoka hapo. Salim alishuka garini mwake kuja kuona.

"Subhanallah! Tazameni lango hilo! Mwanangu, hapo ukipita wewe ushakuwa mtu. Mwalimu, andika."

"Salim, hata Kiswahili chako kimevaa kanzu," Emojong akasema. "Lakini ni kweli. Hiyo ndiyo nimeambia watu wote kwa hii foleni. Kutoka hapa mpaka Mombasa wanajua jina."

Na mimi nilikuwa upande wao, msidhani vingine. Sababu yangu ilikuwa meza. Kulikuwa na picha ya ukumbi wa kulia, meza ndefu za mbao nyeusi, mishumaa, watu wamevaa joho wanaletewa chakula wamekaa. Mimi nimepakulia watoto wa watu maisha yangu yote kwa sahani ya bati, wamepanga laini kwenye jua. Nilitaka huyu mmoja akae chini aletewe. Nikasema, "Amoit, pale utakula kama bibi harusi."

Yeye alikuwa anapanga vikombe. Wandera akafungua ya Kilimani. Nyumba za matofali mekundu, mbali na mji, juu ya mlima, miti. Salim akakunja uso. "Hii ni koleji ama hospitali ya misheni?"

"Foleni!" mtu akapiga kelele mbele. Injini zikanguruma. Emojong akaruka ndani ya treila, Wandera akabeba laptopu, mimi chupa na kistuli, Amoit vikombe, tukatembea kando ya magurudumu kama watu wanaosindikiza maiti, mpaka gari likasimama tena mbele ya duka la matairi. Mkutano ukaendelea.

"Niwaambie ukweli," Wandera akasema, na alikuwa anafuta miwani, ishara kwamba hapendi kile anataka kusema. "Ya Mnara inachukua wanafunzi wengi wa hesabu. Ya Kilimani inachukua wachache sana. Ombi ni moja. Akiomba ya Kilimani wasipomchukua, hii nafasi yote inaweza kwenda, na wafadhili nao. Mimi ningeandika ya Mnara."

"Imeisha basi," akasema Emojong. "Toto, uko na neno?"

Amoit akaweka vikombe chini. "Mwalimu, zinafungwa lini?"

"Nini?"

"Hizo koleji. Si kuna likizo? Wakifunga, wanafunzi wanalala wapi?"

Wandera akamtazama. Akanitazama mimi. Mimi, Evalyne, naapa sikuwa nimemwambia chochote. Nilikuwa bado nawaza mishumaa. Wandera akasema, "Hapo sikuangalia. Swali zuri," akaanza kutafuta. Bando la intaneti likawa linazunguka zunguka tu. Salim akampa simu yake atumie. Tukanywa chai. Foleni ikasonga tena, tukabeba vitu tena, na tulipofika mbele ya kibanda cha samaki Wandera akasoma, akageuza kwa Kiswahili. Koleji ya Mnara, muhula ukiisha, mwanafunzi anatoa vitu vyake vyote chumbani na kuondoka, kwa sababu vyumba vinapewa wageni wa mikutano. Anaweza kuomba kubaki, lakini si lazima akubaliwe. Koleji ya Kilimani, anayetoka mbali anakaa chumba chake mwaka mzima, na kuna jiko la kujipikia.

"Wanatoa watoto wanaingiza wageni?" nikauliza.

"Ni desturi yao tu," Wandera akasema. "Wengi wao kwao ni karibu. Wanachukuliwa na gari la baba."

"Likizo atapata rafiki wa kwenda naye," Emojong akasema haraka. "Huko watu ni wengi. Toto, usikatae lango kubwa kwa sababu ya likizo. Nimeshatangaza. Nitaambia watu nini?"

Amoit hakupandisha sauti. Alikuwa ameshika ule mlango wa treila kwa mkono mmoja.

"Baba, siku ya kwanza tulifunga shule, fomu wani. Ulikuwa wapi?"

"Nimule. Unajua. Karatasi zilikuwa..."

"Najua. Sikulaumu, baba, ulikuwa kazini. Nililala wapi?"

Emojong akaniangalia. "Kwa Matroni."

"Na Krismasi?"

"Kwa Matroni."

"Huko hakuna Matroni."

Mimi niligeuka nikajifanya natafuta kifuniko cha chupa, ambacho kilikuwa mkononi.

Emojong alikaa akitazama nyuma ya gari la Salim kama kuna kitu kimeandikwa pale. Kisha akauliza, "Na wasipokuchukua hiyo ya mlimani?"

"Basi nitasoma hapa kwetu. Nitakuwa na kwa kulala."

"Mwalimu," akasema, "andika ya Kilimani."

"Una hakika, mzee?"

"Andika kabla foleni haijasonga."

Na Wandera aliandika pale pale kando ya samaki wa kukaanga, akatuma. Alikuwa anaogopa, nilimwona. Tuliporudi kwa matatu aliniambia, "Matroni, ningefanya hivyo hivyo. Lakini nisingelala." Na nadhani hakulala, maana wiki zile alikuwa anaweka chumvi kwenye chai.

Intavyuu mnaikumbuka. Ilifanywa kwa laptopu ndani ya maabara. Rispa, ulikataza watu kupasua kuni asubuhi nzima na ukafukuza bata wa mlinzi kwa mwiko. Kengele ya kipindi haikupigwa, na kwa mara ya kwanza tangu shule ianzishwe hakuna msichana aliyekimbia koridoni. Shule nzima ilitembea kwa vidole. Amoit alitoka akasema walimpa hesabu hakuwahi kuiona, akawaambia hajui, wakamwambia jaribu, akajaribu kwa sauti, na katikati akaanza kufurahi, akasahau kuogopa. Nikamuuliza walikuwa wazungu wa namna gani. Akasema, "Mmoja alikuwa na paka mezani."

Kisha tukangoja, hata mlinzi akawa anatuuliza. Siku jibu lilipokuja nilikuwa nagawa sabuni. Wandera aliingia bweni la wasichana bila kupiga hodi, mwalimu wa kiume, nikachukua filimbi nimfukuze, halafu nikaona uso wake. Wamemchukua. Ya Kilimani, wale wachache sana, mmoja wao ni Amoit wetu. Nilipiga ile filimbi. Sikujua la kufanya lingine.

Emojong siku hiyo alikuwa Eldoret. Nasikia alisimamisha treila kando akashuka akaenda kukaa kwenye nyasi. Na sasa nenda foleni ya Malaba uulize dereva yeyote, awe wa Mombasa au wa Juba, koleji nzuri ya Uingereza ni gani. Atakutajia ya Kilimani. Ile ya Mnara hawaijui tena. Salim ndiye anayeitangaza zaidi, anasema yeye ndiye aliyeichagua.

Mimi nilistaafu muda mfupi kabla hajaondoka. Mlinipa blanketi, na ile hotuba ya mwalimu mkuu ambayo ilikuwa ndefu na nzuri. Asanteni. Nimeyaandika haya kwa sababu nilifanya kazi na watu wazuri, na mtu akistaafu anagundua kwamba hao ndio malipo aliyokuwa akilipwa. Perpetua alinipa geti na hakuniambia lina kazi gani zaidi ya kufungwa na kufunguliwa. Nami nilisimama pale miaka yote nikidhani nauliza swali tu.

Desemba iliyopita nilikuwa naanika omena hapa uani, simu ikalia. Namba ndefu. Ni Amoit. Nyuma yake nilisikia magurudumu ya masanduku yanapita juu ya mawe, mengi, na watu wanaagana kwa Kiingereza.

"Matroni, leo wamefunga."

Nikaacha omena. Na swali likatoka lenyewe, kama niko getini.

"Nani amekufungulia mlango?"

"Nimefungua mwenyewe," akasema. "Niko na ufunguo. Nimeweka maji ya ugali kwa moto."

Nikakaa chini. Nikamuuliza kama ni baridi, akasema ni baridi. Nikamuuliza kama unga ulifika, akasema ulifika. Kisha nikamsikia anasogea, kama anachungulia dirishani.

"Matroni, kuna msichana wa darasa letu yuko chini kwa geti letu na masanduku. Ni wa ile ya Mnara. Wameshafunga vyumba na ndege yake imeahirishwa. Nilimuuliza jana, akaniambia anaenda nyumbani."

"Ukamuuliza mlango?"

"Leo asubuhi ndio nilimuuliza. Acha nikate simu, Matroni. Nashuka kumfungulia."